Kuchukuliana Mizigo Katika Zama za Simu

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Hesabu 21:4-9, 2 Wafalme 18:1-4, Danieli 1:8-16, 2:17, 18, Marko 1:32-38, 2:1-12, Warumi 7:15-25, Wagalatia 6:1-5, Yakobo 5:16.

Fungu la Kukariri: Wagalatia 6:2. Likariri kutoka katika Biblia yako, kisha soma fungu la 5 pamoja nalo.

Usiku usio na mwezi, mtu akisimama ufukoni Mbamba Bay au Liuli na kulitazama Ziwa Nyasa, huona kama mji mdogo umejengwa juu ya maji. Ni taa za wavuvi wa usipa. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Mvuvi hawakimbizi usipa. Huwasha taa, hukaa kimya ndani ya mtumbwi, na kusubiri. Samaki wenyewe hukusanyika wakiuzunguka mwanga, kila mmoja akimfuata mwenzake, na wanapokuwa wengi wavu huinuliwa kutoka chini yao. Hakuna usipa aliyelazimishwa kuja.

Wavuvi hao hao wanajua jambo jingine. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hupungukiwa nguvu. Mwanga mkubwa ukiwa umetanda juu ya ziwa zima, taa ndogo ya mtumbwini haiwavuti tena samaki kama jana. Siku hizo wengi huanika nyavu zao na kulala nyumbani.

Somo la juma hili linahusu mwanga mwingine wa usiku, ule unaowaka chini ya blanketi huko Mbinga mjini, Maguu, Litembo na katika vijiji vya ufukoni ambako mnara wa simu umefika. Linahusu pia njia ambayo kwa mtazamo wa kwanza inashangaza: watu waliojeruhiwa na simu wakikutana kwa njia ya simu ili wasaidiane kupona. Je, Maandiko yana neno la kusema juu ya jambo kama hilo? Yanalo, na baadhi yake ni onyo.

*Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI
Taa Inayovuta

Soma Warumi 7:15-25. Paulo anaeleza hali gani ya mtu anayelijua lililo jema na kulipenda?

Mfikirie mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo. Kahawa imekusanywa, imeuzwa, na malipo ya chama cha msingi yameingia kwenye simu yake. Simu ile ile iliyopokea fedha ndiyo yenye programu ya kubeti. Jioni ya kwanza anaweka shilingi elfu moja kwenye mkeka wa mechi za Uingereza, naye anashinda elfu saba. Juma la pili anaweka elfu kumi. Kufikia Januari, sare za watoto na michango ya shule vinapohitajika, fedha ya mwaka mzima wa kupalilia, kuchuma, kumenya na kuanika imebaki theluthi. Anaapa mbele za Mungu. Anaifuta programu siku ya Jumapili, na Jumatano usiku ameirudisha. Mkewe hajalala, anauona uso wake ukimulikwa na skrini, wala hasemi kitu, kwa kuwa mara ya mwisho aliposema hawakuzungumza siku tatu. Kanisani mtu huyu ni shemasi. Anakusanya sadaka kwa mikono ile ile.

Kwa mwingine si kubeti. Ni video fupi zinazofuatana hadi saa nane usiku, au picha za uchafu, au statasi za watu ambao maisha yao yanaonekana kuwa mazuri kuliko ya mtazamaji. Namna hutofautiana. Warumi 7 ni ile ile.

Ni vema kujua kwamba jambo hili si udhaifu wa tabia peke yake. Mwaka 2006 mbunifu wa programu wa Marekani aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho, ambao kadiri kidole kinavyousukuma ndivyo unavyoendelea kujijaza wenyewe. Kitabu kina mwisho wa sura. Gazeti lina ukurasa wa mwisho, na redio ya zamani ilifunga matangazo usiku. Ukurasa huu haufiki mahali pa kumwambia mtu, "Sasa inatosha." Raskin mwenyewe baadaye alieleza hadharani majuto yake juu ya kile alichokibuni.

Kuna na siri ya pili, ambayo mvuvi wa Lituhi angeieleza vizuri kuliko mtaalamu. Wavu ukitoka mtupu mara nne, mvuvi hakati tamaa, maana wa tano huenda ukajaa. Kutojua ni lini kitapatikana ndiko kunakomfanya arushe tena. Simu humlipa mtu kwa namna hiyo hiyo: mara ujumbe wa kufurahisha, mara kitu kisicho na maana, mara ushindi mdogo, na mara nyingi hakuna kitu. Tofauti ni kwamba mvuvi hurudi nyumbani kunapopambazuka.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika mwaka 2022, na ndani yake mchezo wa kidijitali unaomtawala mtu hata akapuuza maisha yake umehesabiwa kuwa ugonjwa. Kucheza kamari, kwenye mtandao au nje yake, nako kumo katika orodha hiyo. Paulo alikuwa na kipimo chake zamani. Katika 1 Wakorintho 6:12 hakuuliza tu kama jambo ni halali. Aliuliza kama litamtia chini ya uwezo wake. Simu si dhambi. Kwa hiyo mkulima hujua bei ya kahawa, mama mjamzito huitiwa gari usiku, na Neno la Mungu husomwa kando ya kitanda cha mgonjwa. Swali la Paulo ni nani bwana, na nani mtumwa.

Ni kwa namna gani Warumi 7 inamwondolea mtu aibu bila kumwondolea wajibu?

JUMATATU
Watu Wanne na Paa Moja

Soma Marko 2:1-12. Mtu aliyepooza anasema nini katika kisa hiki?

Hasemi neno. Marko hakuandika ombi lolote kutoka kinywani mwake. Huenda alikuwa amekwisha kukata tamaa. Huenda aliona aibu. Wanaofanya kazi ni watu wanne, na fungu la 5 linasema Yesu aliiona imani yao. Imani ya wengi ilimbeba mmoja hadi mahali ambapo miguu yake isingemfikisha.

Walikuwa wanne, si arobaini. Kitanda kina pembe nne, na kila aliyeshika pembe alijua kwamba akiiachia, ndugu yao ataanguka. Umati uliojaa mlangoni ulikuwa mkubwa zaidi, na wote walikuwa wamekuja kumsikiliza Yesu, lakini umati huo huo ndio uliokuwa kizuizi. Mtu anaweza kupooza katikati ya kanisa lililojaa.

Soma pia Danieli 1:8-16 na 2:17, 18. Vijana wanne Waebrania walikuwa mbali na nyumbani, katika jumba ambalo chakula kililetwa kila siku kutoka meza ya mfalme. Hawakulipia. Meza ya mfalme ilikuwa bure, na kitu cha bure mara nyingi kina bei ambayo haikuandikwa. Danieli hakutoa hotuba dhidi ya Babeli. Aliomba majaribio ya siku kumi, yenye mwanzo na mwisho, ambayo baadaye yangepimwa kwa macho. Na usiku wa hatari ulipofika, wakati wenye hekima wote walipohukumiwa kufa, alirudi nyumbani kwa wenzake watatu na kuwaeleza jambo lenyewe, ili waombe pamoja. Siri ilifunuliwa kwa Danieli, lakini maombi yalikuwa ya wanne.

Kumbuka na Kutoka 17:12, jinsi mikono ya Musa ilivyokuwa mizito. Haruni na Huri hawakumhubiria juu ya umuhimu wa kuinua mikono. Walimletea jiwe akalie, wakamshika mikono, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua lilipokuchwa.

JUMANNE
Sengu

Wamatengo wa milima ya Mbinga walikuwa na sengu. Wanaume wa ukoo walikula pamoja, kila nyumba ikileta chakula chake, na baada ya kula mambo yakazungumzwa: ugomvi wa mpaka, shamba lililoachwa, kijana aliyeanza kupotoka. Wazee walionya na vijana walijifunza. Desturi hiyo ilidhoofika kadiri miaka ilivyokwenda, lakini haikusahaulika. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wataalamu kutoka Japani walipotafuta namna ya wanavijiji wa Mbinga kuongoza maendeleo yao wenyewe, waliirudia sengu na kuijenga upya kama kamati ya kijiji.

Katika sengu njaa haikufichika. Asiyekuwa na kitu nyumbani alijulikana bila kutangazwa, naye alikula. Mtu anayekula peke yake, simu ikiwa imeegemezwa kwenye bakuli la mboga, anaweza kuficha kila kitu kwa miaka.

Kanisa nalo limekuwa na sengu zake. Mwaka 1742 huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo. Ikakubaliwa kila mmoja atoe senti kila juma, na viongozi wapewe watu kama kumi na mbili kila mmoja wa kuwatembelea na kukusanya. Viongozi walipoingia nyumbani mwa watu wakakuta mambo mazito kuliko senti: ulevi, chuki, nyumba zilizovunjika. Ndivyo madarasa ya Wamethodisti yalivyoanza, kutokana na deni! Ellen White, aliyezaliwa mwaka 1827, alilelewa katika nyumba ya Wamethodisti, na Waadventista wa mwanzo waliendelea na mikutano ambayo kila mmoja alisimama na kueleza mwendo wake na Mungu juma lile. Hata leo darasa la Shule ya Sabato, kabla ya kufungua somo, linapaswa kuuliza nani hayupo na kwa nini. Mahali pengi swali hilo limebaki kuwa hesabu ya kujaza kwenye kadi.

Nje ya kuta za kanisa, mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara aliyekuwa mlevi alimtafuta daktari aliyekuwa mlevi, wakagundua kwamba walipozungumza wao kwa wao kiu ilipungua. Kutoka hapo vikazaliwa vikundi vya walevi wasiotajana majina, ambavyo leo vimeenea duniani. Mfano huo umeigwa na wengi. Mwaka 2017 ulianza ushirika wa watu waliolemewa na intaneti na vifaa vyake. Hukutana kila siku kwa simu na kwa video, wakiwa nchi mbalimbali. Hakuna kiingilio. Hawatajani majina kamili. Kila mmoja huzungumza kwa zamu bila kukatizwa na bila kupewa ushauri ambao hakuuomba. Kila mmoja huandika mipaka yake mwenyewe, yaani matumizi ambayo akiyagusa hawezi kuyaacha, na anapohisi kuvutwa humpigia mwenzake kabla ya kuanguka, si baada ya kuanguka tu.

Karibu zaidi na Ziwa Nyasa kuna habari ya daktari wa magonjwa ya akili wa Zimbabwe, Dixon Chibanda. Mwaka 2006 huko Harare aliwafundisha bibi kumi na wanne kukaa kwenye benchi na kusikiliza watu wenye mzigo moyoni. Benchi hilo la urafiki limefika Malawi, ng'ambo ya ziwa, na Zanzibar pia. Wanaotoka kwenye benchi hualikwa katika kikundi cha wenzao, ambako aliyesikilizwa jana anajifunza kusikiliza leo.

Vikundi vya Akron na vilivyofuata huzungumza juu ya nguvu iliyo kuu kuliko mwanadamu, na kumwachia kila mtu aielewe apendavyo. Hapo Mkristo ana neno la kuongeza, maana anamjua kwa jina. Hata hivyo asiwe mwepesi wa kudharau. Ni jambo la kutafakari kwamba Yakobo 5:16 hutiiwa kwa uaminifu zaidi katika baadhi ya vikundi hivyo kuliko katika makanisa mengi yanayolisoma fungu hilo kwa sauti.

Soma Yakobo 5:16. Kwa nini uponyaji umeunganishwa na kuungama mmoja kwa mwingine, wakati msamaha hutoka kwa Mungu peke yake?

JUMATANO
Nyoka wa Shaba

Soma Hesabu 21:4-9. Kwa nini Mungu alichagua mfano wa kile kile kilichowauma?

Angeweza kuagiza mti, kama alivyofanya huko Mara maji yalipokuwa machungu. Angeweza kuagiza mwana-kondoo. Aliagiza nyoka. Mtu aliyeumwa, mguu ukiwa umevimba na sumu ikipanda, alitakiwa kuinua macho na kutazama sura ya adui yake iliyotundikwa juu ya mti, isiyo na sumu. Hakuna aliyeweza kumtazamia mwenzake. Jirani angeweza kumwinua kichwa, kumgeuza uso, kumwonyesha upande. Kutazama kulikuwa kwake mwenyewe. Yesu alipozungumza na Nikodemo usiku (Yohana 3:14), alijilinganisha na nyoka huyo.

Kwa hiyo mtu asicheke akisikia kwamba walioumwa na simu wanasaidiana kwa simu. Kijana wa Mbamba Bay aliyenaswa na picha za uchafu huenda hana mtu mmoja kijijini anayeweza kumweleza. Kijiji ni kidogo. Mzee wa kanisa ni mjomba wake. Lakini mwenzake aliyesoma naye, ambaye sasa yuko Songea au Njombe, anaweza kumpigia saa tatu usiku, saa ambayo taa huanza kuvuta. Barabara ya lami sasa inashuka kutoka Mbinga hadi ziwani, lakini saa tatu usiku hakuna basi. Simu inafika.

Kisa hakikuishia jangwani. Soma 2 Wafalme 18:1-4.

Karne nyingi baadaye nyoka yule wa shaba alikuwa bado yupo, na Israeli walikuwa wakimfukizia uvumba. Kilichowaponya baba kimekuwa sanamu ya wana. Mfalme Hezekia alikivunja vipande, akakiita Nehushtani, kana kwamba anasema: shaba tu hii. Hakuna anayeweza kusema Hezekia aliidharau kazi ya Musa. Aliijua kazi hiyo, na ndiyo sababu hakuacha kifaa kikae mahali pa Mungu.

Kila kundi la WhatsApp lililoanzishwa kwa nia njema lina Nehushtani wake mlangoni. Liliundwa na watu saba waliotaka kuombeana. Mwaka haujaisha, lina watu mia mbili. Asubuhi huingia picha thelathini zenye maua na salamu. Mchana mtu anauza mitumba, mwingine anasambaza uvumi kuhusu chanjo, wa tatu anakumbusha ahadi za harambee. Usiku wanabishana juu ya uvaaji. Mtu aliyeingia ili aache simu sasa anaishika saa mbili zaidi kila siku, akijiambia kwamba ni mambo ya kanisa. Admini hana ujasiri wa kulifunga, kwa sababu lilianzishwa kwa maombi. Hezekia alikuwa na ujasiri huo.

Lipo na jeraha jingine, baya kuliko hilo. Ndugu anaungama jambo zito kwa maandishi, na mmoja wa wasomaji anapiga picha ya skrini. Kufikia Sabato jambo limevuka kutoka Kigonsera hadi Lituhi. Mithali 11:13 inatofautisha mchongezi na mwenye roho ya uaminifu kwa kitu kimoja tu, kusitiri jambo. Aliyesambaza ungamo la ndugu yake amefanya kazi ambayo Ufunuo 12:10 humpa mshitaki wa ndugu. Hapo haifai kuisema kwa upole.

Kwa sababu hizi vikundi vinavyodumu huwa vidogo, watu watatu hadi saba. Wanaume hukaa na wanaume na wanawake na wanawake katika mambo ya mwili. Sauti ni bora kuliko maandishi, maana sauti ya mtu anayelia haiwezi kufichwa kwa kikaragosi cha kucheka, na mazungumzo yakiisha hayaachi karatasi ya kusambazwa. Mwenye kitochi anaweza kushiriki sawa na mwenye simu janja. Kwa kweli ana nafasi nzuri zaidi. Kuna saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Hakuna kusambaza chochote kilichotoka kwingine, hata mahubiri. Na kila baada ya miezi mitatu hujiuliza kama kikundi bado kinatibu, au kinafukiziwa uvumba.

Ni kitu gani katika huduma ya kanisa lako kilichowahi kuponya, na sasa kinahitaji Hezekia?

ALHAMISI
Ngoro na Furushi

Mgeni anayepanda milima ya Umatengo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona miteremko mikali iliyojaa mashimo kama sega la nyuki. Hizo ndizo ngoro. Nyasi hukatwa na kulazwa kwa mistari inayokatizana, kisha udongo huchimbwa katikati na kufunika nyasi, hata pakatokea kingo nne na shimo moja. Maharage na mahindi hupandwa juu ya kingo. Mvua ikija, maji hayapati njia ya kukimbia na udongo. Kila shimo hukamata sehemu yake. Wamatengo hawakujenga ukuta mmoja mkubwa kuzuia mlima usiporomoke. Walichimba maelfu ya vishimo.

Watu wengi huingia vitani na simu kwa ukuta mmoja mkubwa: kiapo. "Sitaigusa tena." Mvua ya kwanza hukibomoa. Kilichowasaidia wengine ni vingo vidogo vingi. Simu hulala sebuleni, na saa ya mezani ya bei ndogo huamsha watu badala yake. Bando la usiku halinunuliwi, hata likiwa rahisi. Meza ya chakula haina simu, ya baba ikiwa ya kwanza kuwekwa kando. Yule mkulima wa kahawa huomba malipo yake yaingie kwenye akaunti ambayo hawezi kuitoa peke yake, na hilo humgharimu heshima ambayo mwanaume wa milimani haitoi kwa wepesi. Kisha kila jioni ndugu mmoja hupiga simu na kuuliza maswali mawili: Leo umefikaje? Kesho saa gani itakuwa ngumu?

Soma Wagalatia 6:1-5. Je, fungu la 2 na la 5 yanapingana?

Biblia ya Kiswahili ya Union imetunza tofauti ambayo Paulo aliiweka katika Kiyunani. Katika fungu la 2 ni mizigo. Katika fungu la 5 ni furushi. Mzigo ni ule unaomlemea mtu hata magoti yakalegea, na huo huchukuliwa na wengi. Furushi ni kile ambacho kila msafiri hufunga mwenyewe na kubeba begani mwake. Msomaji wa leo hawezi kukosa kuona kwamba mtoto wa neno hilo, kifurushi, ndicho kinachonunuliwa kila asubuhi kwa kubonyeza namba. Ndugu wanaweza kumsaidia mtu katika mzigo wa uteja wake. Kifurushi atakinunua mwenyewe au atakiacha mwenyewe.

Fungu la 1 lina neno kwa wale wanaosaidia: wafanye hivyo kwa upole, wakijiangalia nafsi zao. Anayemsikiliza mwenzake akieleza jinsi alivyobeti naye anaweza kuvutwa kuibuka na programu ile ile usiku huo. Pia wajue mwisho wa uwezo wao. Mtu asiyelala kwa siku kadhaa, anayesema hataki kuishi, aliyeuza vitu vya nyumba kulipa madeni ya kamari, anahitaji kupelekwa hospitali, na kikundi kimsindikize. Luka alikuwa tabibu, na Paulo alisafiri naye.

IJUMAA
Mafunzo Zaidi

Soma Marko 1:32-38. Jioni ile Kapernaumu yote ilikuwa mlangoni. Kesho yake, kabla ya mapambazuko, Yesu alikuwa mahali pasipo watu, akiomba. Simoni na wenzake walimfuata, na walipomwona wakampa taarifa kwamba kila mtu anamtafuta. Hakuna ujumbe unaovuta kuliko huo, wa kujua kwamba watu wote wanakuulizia. Yesu hakurudi kuwajibu. Aliwaambia waende mahali pengine, katika vijiji vya karibu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijia, na kazi hiyo aliijua kutokana na saa ile ya giza pamoja na Baba.

Ijumaa jioni ufukoni Liuli, jua huzama upande wa Malawi, moja kwa moja ndani ya maji. Familia inayokaribisha Sabato hapo haihitaji saa ya simu kujua wakati umefika. Isaya 58:13 inazungumza juu ya kugeuza mguu katika siku hiyo. Nyumba nyingine zimeamua kugeuza na kidole, na simu zote huzimwa na kuwekwa ndani ya kikapu kimoja hadi Jumamosi jua litakapozama tena, isipokuwa ile ya nesi aliye zamu. Sabato ya kwanza watoto hununa. Ya tatu wanauliza maswali. Usiku wa mwezi mpevu wanaweza kukaa nje, taa za wavuvi zikiwa chache ziwani, na mama akasimulia habari ambazo hazikuwahi kupata nafasi.

Maswali ya Kujadili:

1. Danieli aliomba siku kumi tu. Darasa lenu likiamua jambo moja la kujaribu kwa siku kumi kuanzia Sabato hii, litakuwa nini, na nani atauliza matokeo siku ya kumi na moja?

2. Mtu aliye katika vita vya siri na simu angependelea kumwambia mgeni wa mbali kuliko mtu wa darasa lake. Ni nini katika darasa lenu kinachomfanya achague hivyo? Jibuni bila kumtaja mtu.

3. Je, kuna kundi la simu la kanisa lenu ambalo limekuwa Nehushtani? Nani ana mamlaka ya kulifunga, na anaogopa nini?

4. Rudini kwa mke wa yule mkulima, anayelala macho wazi bila kusema. Somo lote limemzungumzia mumewe. Ni akina nani wanne wa kushika pembe za kitanda chake yeye, na watamfikiaje ikiwa nyumba ina simu moja, nayo iko mkononi mwa mumewe?